Malipo ya Mbwa: Kutafuta na Kuleta, Kandokando ya Mlima Meru

Mbwa wa kuwinda ana kazi nne: kutafuta windo kwa pua, kulifukuza, kulikamata na kulileta kwa mwenyewe. Tatu za kwanza anazaliwa nazo. Ya nne ndiyo ya kufundishwa, kwa sababu inapingana na njaa yake. Mnyama aliyekwisha kubana nyama kwa meno anatakiwa aibebe mwendo mrefu, asiitafune, kisha aiachie mkononi mwa mtu. Kila jamii iliyowinda na mbwa ilibidi iamue alipwe nini, na alipwe wakati gani, ili akubali. Katika eneo la Arusha na Mlima Meru uamuzi huo umebadilika mara kadhaa, kuanzia matumbo ya mnyama aliyechinjwa porini hadi mpira wa kuchezea unaorushwa leo Usa River.

Kwa wenyeji wa mlima wenyewe mbwa hakuwa mwindaji kwanza. Wameru waliokaa miteremko ya kusini-mashariki, na Waarusha waliohamia upande wa kusini-magharibi katika miaka ya 1830, walikuwa wakulima na wafugaji. Mbwa wao alilala nje ya nyumba, akabweka fisi na chui walipokaribia zizi. Wamaasai wa nyika zinazouzunguka mlima walimtumia vivyo hivyo. Mbwa wa namna hiyo alilipwa kwa kuwapo tu: mifupa, mabaki ya chakula, maziwa kidogo. Hakuna aliyemtaka alete kitu, na hakuna aliyepoteza muda kumfundisha.

Mambo yalikuwa tofauti kwa wawindaji. Ng'ambo ya Bonde la Ufa, kando ya Ziwa Eyasi, baadhi ya Wahadzabe huingia porini na mbwa, ingawa silaha yao kuu ni upinde na mshale. Magharibi zaidi, katika misitu ya Kongo, wawindaji wamekuwa wakiwafunga mbwa wao wasiobweka njuga za mti shingoni, ili mtu ajue mbwa alipo ndani ya kichaka na ili windo likimbilie kwenye nyavu. Katika uwindaji wa aina hii mbwa hufundishwa na mbwa mwenzake. Kijana huachwa afuatane na wakubwa, na mnyama akiuawa, mbwa wote hupewa damu, matumbo au mifupa hapohapo. Njia hiyo ina mantiki nzuri kuliko inavyodhaniwa. Malipo hufika papo hapo, yananukia windo lenyewe, na mbwa mchanga huona kwa macho yake kwamba juhudi ya kundi huzaa chakula.

Udhaifu wake upo kwenye kazi ya nne. Mbwa anayelipwa palepale mnyama alipoangukia hujifunza kwamba nyama hupatikana hapo. Akimkamata sungura au kwale peke yake, mbali na macho ya watu, hana sababu ya kumbeba. Amejilipa mwenyewe. Wawindaji wa mkuki na mshale hawakuumia sana kwa hilo, kwa kuwa windo lao lilikuwa kubwa na mbwa kazi yake ilikuwa kulizuia mpaka watu wafike.

Huko Eyasi kuna mfano mwingine wa zamani wa kumlipa mnyama kwa kazi ya kutafuta, na huyo si mbwa bali ni ndege anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Wahadzabe humwita kwa mluzi. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, humwita kwa mlio wao mwingine, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 ulionyesha kwamba ndege wa kila eneo huitikia zaidi mlio wa watu wa kwao. Wayao humwachia ndege nta iwe ahsante yake. Wahadzabe wengi hufanya kinyume: huificha nta, huifukia au huichoma, ili ndege abaki na njaa na awapeleke kwenye mzinga mwingine. Hoja ya Wahadzabe ni nzito, na wafundishaji wa mbwa duniani kote bado wanaijadili: je, mnyama aliyekwisha kushiba atatafuta tena?

Upande wa pwani swali la malipo lilishughulikiwa na wanasheria. Katika Uislamu, na hasa katika madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani yote ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na wengi hudhani kwamba hapo ndipo habari ya mbwa inapoishia. Lakini Kurani, sura ya 5 aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa, na mafakihi wakalazimika kueleza mbwa aliyefundishwa ni yupi. Masharti waliyoyaweka ni ya mtu anayewajua mbwa. Akitumwa aende. Akikatazwa asimame. Akikamata amshikie bwana wake na asile. Na mambo hayo yaonekane kwake mara kwa mara hadi ijulikane kwamba ni tabia yake, si bahati ya siku moja. Mbwa akila katika windo, kwa kauli yenye nguvu zaidi ya madhehebu hayo, nyama hiyo si halali, kwa sababu huenda alijikamatia mwenyewe.

Hapa tofauti kati ya mbwa anayejilipa na mbwa anayesubiri kulipwa inakuwa mpaka wa halali na haramu. Inastahili kukumbukwa kwamba kanuni hizi zilikuwa zikisomeshwa kwenye darasa za Lamu na Unguja muda mrefu kabla ya vitabu vya Ulaya kuhusu mafunzo ya mbwa kufika Arusha.

Vitabu hivyo vilikuja na walowezi. Boma la Wajerumani la Arusha lilikamilika mwaka 1900. Miaka michache baadaye Makaburu kutoka Afrika Kusini walianza kupewa ardhi kuzunguka mlima, na mwaka 1907 Margarete Trappe na mumewe walifika Afrika Mashariki ya Kijerumani na kujenga maisha yao Momella, chini ya Meru. Huyo mama alikuja kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kufanya uwindaji kuwa kazi katika Afrika Mashariki. Uwindaji wa wageni hawa ulikuwa wa bunduki. Bunduki ndiyo iliyoipa kazi ya kuleta uzito ambao haikuwahi kuwa nao. Bata akipigwa risasi za marisau angani huangukia kwenye matete, mita nyingi kutoka kwa mpigaji, na kwale aliyejeruhiwa hukimbia na kujificha nyasini. Bila mbwa wa kuleta, ndege wengi hupotea na kuoza.

Kwa ajili hiyo Waingereza walikuwa wamezalisha mbwa wa pekee. Uzao wa kwanza wa mbwa wa dhahabu wa kuleta (golden retriever) ulipatikana mwaka 1868 katika shamba la Guisachan, Uskoti, kwa Lord Tweedmouth. Labrador alitambuliwa rasmi na chama cha mbwa cha Uingereza mwaka 1903, na yule wa dhahabu akaandikishwa mwaka 1913. Hawa walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa mdomo laini, yaani uwezo wa kumbeba ndege bila kumvunja mbavu, na kwa kupenda kubeba vitu hata pasipo sababu.

Namna ya kuwafundisha ilikuwa ya kikatili kwa sehemu kubwa. Mbwa aliyekataa kushika kitu alifinywa sikio mpaka afungue mdomo kwa maumivu, kikaingizwa kitu hicho, na maumivu yakakoma. Kulikuwa na kola zenye miiba inayotazama ndani, zinazobana kila mbwa anapovuta. Njia hiyo ilifanya kazi, na hilo ndilo lililoifanya idumu. Mbwa alijifunza kwamba kushika kunaondoa uchungu. Alijifunza pia kumwogopa mtu, na mbwa mwoga hutafuta vibaya: huangalia nyuma badala ya kunusa mbele, na huganda kwenye mazingira mageni.

Walikuwapo wapinzani tangu zamani. Mwingereza W. N. Hutchinson, mwanajeshi, aliandika mwaka 1848 kitabu kilichosisitiza upole na tuzo katika kumfundisha mbwa wa bunduki. Mmarekani S. T. Hammond, katika miaka ya 1880, alipendekeza kipande cha nyama mahali pa kiboko. Hawakusikilizwa na wengi. Mwongozo uliotawala nusu ya kwanza ya karne ya 20 ulikuwa wa afisa wa Kijerumani Konrad Most, uliotoka mwaka 1910, na huo ulitegemea sana shurutisho. Majeshi na polisi wa Ulaya waliufuata, na mtindo wao ukaenea katika makoloni. Waingereza walipopambana na Mau Mau nchini Kenya baada ya kutangaza hali ya hatari mwaka 1952, walitumia mbwa wa kufuatilia nyayo dhidi ya watu. Mbwa wa dola katika Afrika Mashariki, kwa raia wa kawaida, alikuwa kitu cha kuogopwa, na sifa hiyo imedumu muda mrefu baada ya bendera kubadilika.

Sayansi iliyokuja kuigeuza kazi hii haikuanza kwa wawindaji. Edward Thorndike, mwaka 1898, alifungia paka kwenye masanduku yenye komeo na kuona kwamba tendo linalofuatiwa na matokeo mazuri hurudiwa upesi zaidi mara inayofuata. Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa hutoa mate kwa sauti ambayo kila mara hutangulia chakula. B. F. Skinner aliunganisha nyuzi hizi katika kitabu chake cha 1938, na mwaka 1951 akaandika makala kwa wasomaji wa kawaida akieleza jinsi mtu yeyote anavyoweza kumfundisha mnyama nyumbani kwa kutumia kidude kinacholia "tik" na vipande vya chakula. Wanafunzi wake Keller na Marian Breland walikuwa tayari wameanzisha biashara ya kufundisha wanyama kwa njia hiyo katika miaka ya 1940.

Umuhimu wa ule mlio ni wakati. Mbwa huunganisha malipo na alichokuwa akifanya sekunde ileile. Mtu akitoa nyama mfukoni sekunde tano baada ya mbwa kushika mfano wa ndege, mbwa anaweza kudhani amelipwa kwa kukaa, kwa kumtazama mtu, au kwa kutema alichoshika. Mlio hufika hapohapo. Husema: hicho ulichofanya sasa hivi ndicho kinacholipwa, na chakula kinakuja.

Kwa mbwa wa kuleta, njia hii hugeuza mpangilio mzima juu chini. Mfundishaji haanzi kwa kurusha kitu mbali. Huanzia mwisho. Kwanza mbwa hulipwa kwa kugusa kwa pua mfano wa ndege ulioshikwa mkononi, kisha kwa kuuma kidogo, kisha kwa kushika sekunde moja, mbili, tano, hadi asikie amri ya kuachia. Akishajua kwamba mkono wa mtu ndio mahali pa malipo, mfano huwekwa chini miguuni, halafu hatua moja mbele, halafu kwenye nyasi, halafu majini. Mbwa anapoenda mbali huwa anarudi kwenye jambo analolijua vizuri zaidi kuliko lolote.

Kuna kikwazo ambacho kila mfundishaji hukutana nacho. Mbwa mwenye njaa, akinusa nyama mkononi, hutema ndege hatua tatu kabla ya kufika, ili mdomo uwe wazi kwa chakula. Hapo wengi hukata tamaa na kurudia kufinya sikio, na hilo ni kosa. Dawa ni kuchelewesha mlio mpaka kitu kiwe mkononi hasa, au kubadilisha malipo: badala ya nyama, mbwa hurushiwa mpira au mfano wa pili. Kwa mbwa aliyezaliwa na hamu ya kufukuza, kupewa ruhusa ya kufukuza tena ni karamu kuliko nyama. Ugunduzi huo, kwamba kucheza ni malipo, ndio uliokuja kujenga kazi ya Usa River.

Wakati elimu hii ikikua, uwindaji wenyewe ulikuwa ukifungiwa milango kaskazini mwa Tanzania. Hifadhi ya Kreta ya Ngurdoto ilianzishwa mwaka 1960, maziwa ya Momella yakaongezwa, Mlima Meru ukaingizwa mwaka 1967, na eneo lote likawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika Arusha, Julius Nyerere alitoa tamko lililoifanya hifadhi ya wanyamapori kuwa dhamana ya taifa. Uwindaji ulipigwa marufuku nchi nzima kuanzia mwaka 1973 hadi 1978. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtaja mbwa miongoni mwa nyenzo zisizoruhusiwa kuwindia bila kibali, pamoja na sumu, mitego na taa za usiku. Mbwa wa kijiji akionekana ndani ya hifadhi alikuwa dalili ya ujangili.

Hofu ya wahifadhi haikuwa ya ujangili peke yake. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliwaua takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti, na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walihusishwa na chanzo chake. Kampeni za chanjo ya mbwa, dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa, zilifuata. Bila chanjo hizo ingekuwa vigumu kwa afisa yeyote wa hifadhi kukubali mbwa aingie langoni akiwa mfanyakazi.

Kilichowafungulia mlango ni vifo vya tembo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu tembo 109,051 Tanzania. Ile ya 2014 ilipata 43,330. Zaidi ya nusu ya tembo wa nchi walikuwa wametoweka katika miaka mitano. Novemba 2013, katika nyumba moja ya Mikocheni, Dar es Salaam, polisi walikuta meno ya tembo 706. Ilikuwa wazi kwamba askari wa porini, hata wakiwa hodari kiasi gani, hawawezi peke yao kuzuia biashara inayopita barabarani, viwanja vya ndege na bandarini. Mashine za eksirei huona maumbo. Meno yaliyokatwa vipande na kufichwa ndani ya mbao au mifuko ya mazao huzipita.

Mbwa wa kufuatilia nyayo walikuja kwanza. Upande wa Kenya, eneo la Mara Triangle lilipokea mbwa wawili wa aina ya bloodhound mwaka 2009. Mashariki mwa Kongo, Hifadhi ya Virunga nayo ilianza kuwatumia mbwa wa aina hiyo mwanzoni mwa muongo uliofuata. Kaskazini mwa Tanzania, taasisi ya Honeyguide yenye makao Arusha ilianzisha mbwa wa kufuatilia nyayo katika eneo la jumuiya ya Enduimet, Magharibi mwa Kilimanjaro, nyika inayoanzia upande wa pili wa Meru. Mafunzo ya mbwa hawa ni mchezo wa kujificha. Askari mmoja hubeba kipande cha nyama au mpira, huondoka mbwa akimwona, hupotelea nyuma ya kichaka. Mbwa akifika hupewa alichobebewa na kushangiliwa. Kesho njia huwa ndefu zaidi, kesho kutwa askari huondoka saa nzima kabla, mtondo huvuka njia ya ng'ombe na mto. Mbwa hajui kitu kuhusu jangili. Anajua kwamba mwisho wa harufu hii kuna furaha, na ataifuata kwa kilomita nyingi.

Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation (AWF) lilianzisha mpango wa mbwa kwa ajili ya uhifadhi, ukiongozwa na mfundishaji Will Powell, na kituo cha mafunzo kikawekwa Usa River, mji mdogo wa barabara ya Moshi, mashariki ya Arusha, chini ya miteremko ya Meru. Mahali palichaguliwa vizuri. Hali ya hewa ya pale ni ya ubaridi ukilinganisha na pwani, na pua ya mbwa anayehema kwa joto hainusi vizuri. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro hauko mbali, na makao makuu ya Hifadhi za Taifa (TANAPA) yako Arusha. Askari wa wanyamapori wa Tanzania na Kenya walikuwa wa kwanza kufundishwa. Baadaye wakafuata wa Uganda, Botswana, Msumbiji, Ethiopia na Cameroon. Waliomaliza walipangiwa viwanja vya ndege na bandari, zikiwemo za Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa na Entebbe.

Mbwa wa kunusa huchaguliwa kwa tamaa ya mpira. Mpira hurushwa kwenye nyasi ndefu mbwa akishikiliwa, na akiachiwa hutazamwa anautafuta kwa dakika ngapi kabla ya kuacha. Anayeacha mapema hafai, awe na pua nzuri namna gani. Anayechosha watu kabla ya kuchoka yeye ndiye anayetakiwa. Hii ni tabia ileile iliyozalishwa kizazi baada ya kizazi katika mbwa wa kuleta ndege.

Kisha inakuja kazi ya kuunganisha harufu na mpira. Masanduku hupangwa mstari mmoja, na katika moja huwekwa kipande cha jino la tembo kilichoshikwa kwa glavu, ili kisinuke mkono wa mtu. Mbwa hupita akiingiza pua kila tundu. Akifika kwenye lile lenye jino, hata kabla hajafanya chochote, mpira huanguka hapohapo puani, ukirushwa kutoka nyuma yake asione mkono. Kwake mpira unakuwa umetoka ndani ya harufu. Baada ya kurudia, mbwa akinusa jino husimama akisubiri mpira utokee, na kule kusimama ndiko kunakofanywa ishara: agande, akaze macho, asikwaruze wala kubweka. Mizigo ya wasafiri haitakiwi kuraruliwa. Polepole huongezwa magamba ya kakakuona na pembe za faru, na masanduku mengine hutiwa kahawa, samaki wakavu, sabuni na pilipili, vitu visivyolipwa hata mbwa akivishangaa.

Kazi ngumu zaidi huwa kwa mtu. Wengi wa askari wanaojiunga na kazi hii wamekulia mahali ambapo mbwa hafugwi ndani, hashikwi, na mara nyingi hufukuzwa kwa jiwe. Sasa wanatakiwa kupiga magoti mavumbini, kuvutana mpira na mnyama na kupaza sauti ya kushangilia mbele ya wenzao waliovaa sare. Anayeona haya humlipa mbwa nusu malipo, na mbwa huitambua nusu hiyo mara moja. Heshima ya kikosi cha mbwa hujengwa hapo, katika uwezo wa askari wa kufurahi bila kujificha.

Pia anatakiwa kujizuia. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walizijaribu timu 18 za mbwa na waongozaji katika vyumba visivyokuwa na harufu yoyote iliyofichwa. Waongozaji waliambiwa kwamba karatasi nyekundu huonyesha palipofichwa kitu. Mbwa wengi walitoa ishara ya kupata, mara nyingi palepale ambapo wenye mbwa waliamini pana kitu. Mbwa husoma mwendo wa mguu na mkazo wa kamba kuliko mtu anavyojua. Anayemlipa mbwa kwa kubahatisha humfundisha kusema uongo, na ushahidi wa mbwa huyo hautasimama mahakamani. Kwa hiyo mafunzo mazuri huwa na misako mitupu, ambapo hakuna kitu na mbwa hulipwa kwa kumaliza bila kutoa ishara.

Kinyume chake nacho kina hatari. Katika uwanja wa ndege wiki nzima inaweza kupita bila jino hata moja. Mbwa asiyelipwa kwa wiki nzima huanza kutembea tu. Kwa sababu hiyo mwongozaji au mwenzake huficha sampuli katikati ya mizigo ya kweli, mbwa aipate, apate mpira wake, na hamu ibaki hai. Malipo ya mara chache yasiyotabirika, kama Skinner alivyoonyesha kwa njiwa, hudumisha kazi kwa muda mrefu kuliko malipo ya kila mara, mradi yasikatike kabisa.

Ushahidi mkubwa wa njia hii nchini Tanzania haumo katika mbwa, umo katika panya. Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na Mbelgiji Bart Weetjens pamoja na mwenzake Christophe Cox, lilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mwaka 2000. Panya buku wake huanza mafunzo wakiwa na umri wa wiki chache. Hujifunza kwanza kwamba "tik" maana yake ni ndizi au karanga, kisha kwamba harufu ya baruti huleta "tik". Hakuna kiboko kinachoweza kumfundisha panya; akiogopa hujificha. Panya mmoja aliyezaliwa Morogoro, Magawa, alipata mabomu ya ardhini 71 nchini Kambodia, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Tangu mwaka 2007 panya wengine hunusa makohozi ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kifua kikuu Tanzania, sampuli 100 kwa takribani dakika 20. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza jinsi panya hao walivyofundishwa kutambua meno ya tembo, pembe za faru, magamba ya kakakuona na mbao za mpingo.

Serengeti nayo ilipata kikosi chake. Mfuko wa Grumeti, upande wa magharibi wa ikolojia hiyo, ulianzisha kikosi cha mbwa mwaka 2018 kwa kushirikiana na Working Dogs for Conservation ya Marekani, shirika linalochukua mbwa kutoka vituo vya mbwa waliotelekezwa. Mara nyingi hao ni mbwa walioshindikana majumbani kwa sababu hawakuacha kuomba mpira. Kasoro iliyowafukuzisha ndiyo sifa ya kazi.

Mipaka ya kazi hii ni ya kweli. Mbwa wanaotoka Ulaya au Marekani hawana kinga ya magonjwa ya kupe na mbung'o, na huhitaji daktari wa karibu, maji mengi na kivuli. Pua huchoka, mbwa hufanya kazi kwa vipindi vifupi na kupumzika. Mwongozaji akihamishwa, mbwa huanza upya kujenga imani na mtu mwingine. Na bandari ina makontena mengi kuliko mbwa wote wa Afrika Mashariki wanavyoweza kuyazunguka kwenye jua.

Kwa tatizo hilo la mwisho, Mombasa ilijaribu mwaka 2018 utaratibu wa kumletea mbwa harufu badala ya kumpeleka kwenye mzigo, kazi iliyohusisha mashirika ya uhifadhi ya WWF na TRAFFIC. Hewa hufyonzwa kutoka ndani ya kontena lililofungwa na kupitishwa kwenye vichujio, na vichujio hupelekwa kwa mbwa mahali penye ubaridi na utulivu. Mbwa anaweza kupitia vichujio vingi kwa muda ambao zamani ungetosha kontena chache. Anapokuta harufu aliyofundishwa husimama na kulipwa mpira; pasipokuwa na kitu hupita, na kontena linaendelea na safari yake.